Karani wa Kikosi cha Ndege

Mtaani kwetu Matogoro hakuna aliyemwita kwa jina lake. Watu wazima walimwita Afande Karani, watoto walimwita Babu Afande, na mkewe, Mama Hilda, alimwita "huyu mtu", hata wakiwa wamekaa benchi moja wanachambua maharage. Mimi nilikuwa mpangaji wao. Nilifika Songea kutoka Tanga nikiwa mwalimu mpya, sina sweta wala ndugu, na mwalimu mkuu akanipeleka kwenye nyumba yao ya matofali ya kuchoma, karibu na pale mashamba yanapoanza kupanda mlimani. Njiani akaniambia, "Mzee ni mwanajeshi mstaafu. Atakusumbua kwa maswali, lakini hutapoteza hata kijiko."

Maswali yalianza mlangoni. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, kisha akaniuliza jina. Nikataja langu. Akataka na la baba. Nikataja. Akataka la babu, mtu aliyekufa kabla sijazaliwa. Nilipolitaja ndipo akasogea pembeni nikaingiza sanduku langu. Alimfanyia hivyo kila mtu: muuza mitumba, fundi baiskeli, hata katekista aliyekuja kumwalika kwenye jumuiya. Watu walicheka. Nami nilicheka, nikadhani ni mazoea ya jeshini yaliyokataa kustaafu.

Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye kupiga pasi suruali ya kwendea shambani. Ukimwazima mkewe chumvi, yeye alikuandikia kikaratasi cha kukiri kupokea chumvi, akatia sahihi. Chumvi iliporudishwa, Mama Hilda alivikusanya vikaratasi hivyo akawashia moto. Alipoudhika alimsema kwa Kingoni, maneno yakimtoka haraka haraka, naye alisubiri amalize, kisha akamjibu kwa Kiswahili kana kwamba yuko mbele ya kamanda: "Nimekuelewa." Hakuwahi kubadilika hata kidogo baada ya kuelewa.

Wakati wa vita na Uganda alikuwa karani wa utawala na mishahara katika kikosi cha ndege. Hakurusha ndege wala kufyatua bunduki. Kilabuni, wanaume waliokuwa mstari wa mbele walipokuwa wakisimulia mahandaki na mizinga, kuna waliomgeukia na kumchokoza: "Na wewe, Afande, ulipigana na nani? Na wino?" Alicheka nao. "Na wino, kweli," alisema, akamaliza soda yake, akaenda nyumbani. Aliyoyajua hakuyapeleka kilabuni.

Mimi aliniambia vipande vipande, alasiri, nikiwa nasahihisha madaftari barazani naye akinoa jembe. Aliniambia jinsi alivyokuwa akipanda ndege ya mizigo na sanduku la bati la mishahara miguuni, hadi kwenye uwanja wa mbele, wa nyasi, ambako mafundi walilala chini ya mabawa. Nilimuuliza askari walinunua nini huko porini. Akasema hawakununua kitu. Wengi walitia sahihi, wakashika fedha kidogo, wakamrudishia awatumie wake zao. Walitaka tu kuona kwamba bado wamo, kwamba jeshi linawajua.

Rubani mmoja alikuwa hachukui mshahara kabla ya kuruka. "Niwekee, Karani. Nitachukua nikirudi." Aliamini kwamba anayemaliza hesabu zake na watu hana cha kumrudisha. Wenzake walianza kumwiga, mpaka siku ya mshahara foleni ikawa ya mafundi na wapishi peke yao.

"Akarudi?" nilimuuliza.

"Mara nyingi," alisema, akaendelea kunoa jembe.

Kazi yake nyingine ilikuwa vitu vya marehemu. Mtu akiuawa, sanduku lake lilifunguliwa na karani, vitu vikaandikwa, vikapelekwa kwao: wembe, kanda za muziki, redio, shati la nyumbani. Huyu mtu aliyeandikia risiti chumvi aliniambia, bila kuinua macho, kwamba barua za wanawake wengine alizichoma. Kila mara. Alizisoma mistari ya mwanzo tu, akijua si za mke alizitia motoni, na kwenye orodha hakuziandika.

"Lakini zilikuwa mali ya marehemu, baba," nilimwambia.

"Ndiyo. Niliiba."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa mjane azikute."

Kitu ambacho hakunisimulia mwenyewe ni habari ya Kasiani. Hiyo niliipata kwa Mama Hilda, tukiwa tunapepeta mahindi, mumewe akiwa ameenda mjini.

Kikosini kulikuwa na mafundi wawili wa ndege waliotoka huku kwetu, Kasiani Komba na Kristofa Komba. Akina Komba wako wengi Songea; hawa hawakuwa hata ndugu. Kasiani alikuwa wa Mpitimbi, mtoto pekee wa mama mjane. Kristofa alikuwa ameoa upande wa Mbinga. Siku moja redio ya uwanja wa mbele ilitoa taarifa fupi, sauti ikikatika: fundi K. Komba ameuawa na bomu. Namba ya jeshi haikusikika. Kwa karatasi alizokuwa nazo Karani, aliyekuwa mbele ni Kasiani. Kumbe Kasiani alikuwa amehamishiwa uwanja mwingine na nafasi yake ameichukua Kristofa, ila karatasi ya kubadilishana ilikuwa bado haijafika ofisini.

Karani alitaka kusubiri. Alimwambia kamanda wake kwamba jina si kamili, wawaulize tena wa mbele. Redio ilikuwa kimya siku ile na siku iliyofuata. Kamanda akasema familia isije ikasikia kwa uvumi. "Wewe unaye K. Komba aliyeko mbele, au huna?"

"Ninaye, afande."

"Basi tuma."

Akatuma telegramu Mpitimbi. Akamtoa Kasiani kwenye orodha ya mishahara.

Kule Mpitimbi padri aliisoma telegramu hadharani, misa ikasomwa bila mwili, mama akakaa msiba wa mtoto ambaye hana kaburi. Aliacha kula. Majirani walimlazimisha uji, akautema. Kabla mvua hazijaanza, naye akazikwa. Muda wote huo Kasiani alikuwa akimwandikia mama yake barua kutoka Uganda, na barua zilikuwa zikisota njiani. Alipopata likizo akashuka kijijini akiwa na magwanda na mfuko wa sukari. Watoto walikimbia. Shangazi yake alijifungia ndani, akawa anamuuliza maswali kupitia dirishani, ya utotoni, mpaka alipoamini. Ndipo akamfungulia na kumwonyesha kaburi la mama.

Kasiani hakukaa hata kumaliza likizo. Alirudi kikosini akasimama kwenye dirisha la mishahara.

"Afande," alimwambia Karani, "nimekuja kuchukua mshahara wangu. Wanasema nimekufa."

Mama Hilda aliacha kupepeta. "Hayo ndiyo maneno aliyoyasema. Huyu mtu aliniambia usiku ule, tukikaa nyumba za kambi. Na unajua nini kilimtesa zaidi? Kumrudisha Kasiani kwenye orodha kulitaka sahihi nyingi kuliko kumtoa. Alizunguka na karatasi ofisi hadi ofisi akithibitisha kwamba mtu aliyesimama pale nje anapumua."

Kisha kulikuwa na upande wa pili. Mke wa Kristofa, kule Mbinga, alikuwa ameendelea kupokea fedha za mumewe, amenunua bati, anasubiri arudi waezeke. Karani alimwandikia. Baadaye ikaja amri kwamba fedha zilizolipwa baada ya kifo zikatwe kwenye mafao ya mjane, kwa sababu mshahara wa askari huishia siku anayokufa. Alizikata. Mama Hilda aliniambia kwamba mumewe hakumpinga mtu kwa hilo; alikata, akatia sahihi, na tangu siku hiyo hakuweza kulala kwenye nyumba ambayo mvua inapiga bati. Ndiyo maana chumba chao kilikuwa na dari la mbao nene, chumba pekee chenye dari katika nyumba nzima.

Vita vilipokwisha aliacha jeshi, akarudi Songea, akapata kazi kwenye shirika moja la kununua mazao, kazi ileile ya mishahara. Dunia ni ndogo kwa watu wa mji mdogo: baada ya mwaka hivi Kasiani naye aliajiriwa pale, fundi wa malori. Kila mwisho wa mwezi alikuja dirishani, akatia sahihi, akachukua chake, akaondoka. Hakumtukana. Hakumsingizia kitu. Hakumwamkia tu, na kwa watu wa huku, ambako hata mgomvi wako unamwambia shikamoo akiwa amekuzidi umri, hilo lilionekana na ofisi nzima.

Ndipo ikaja miaka ya soko huria. Wafanyabiashara walianza kuja na malori yao hadi mashambani, wakilipa papo hapo, na maghala ya shirika yakabaki na panya. Dukani kwa mara ya kwanza sabuni zilikuwa za aina nyingi, na watu wa kuzinunua wakapungua. Neno lililokuwa midomoni mwa watu wote lilikuwa redandansi, yaani kupunguzwa kazini. Walimu hatukuguswa mapema, lakini mtaani kwetu kila juma kulikuwa na baba mmoja aliyeanza kushinda nyumbani.

Siku moja Afande Karani alirudi kutoka kazini mapema, akakaa barazani bila kuvua viatu. Mama Hilda alimletea maji, akamuuliza kuna nini. Mimi nilikuwa nafua pale uani, wakasema mbele yangu.

Meneja alikuwa amempa kazi ya kuandaa malipo ya mwisho ya wanaopunguzwa. Karakana ilikuwa imebakiza mafundi wawili, na mmoja lazima aondoke. Meneja hakutaka lawama. Alimwambia, "Wewe unawajua watu. Jaza jina."

"Na huyo mwingine ni nani?" Mama Hilda aliuliza.

"Kijana wa Peramiho. Ameanza kazi kabla ya Kasiani."

"Utamjaza huyo."

Aliinama kulegeza kamba za viatu.

"Baba Hilda!" Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. "Utamjaza huyo wa Peramiho."

"Taratibu ni kwamba wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka."

"Ulimuua mama yake. Sasa unataka kuua na watoto wake kwa njaa?"

Niliacha kufua. Alikuwa amekunja mikono juu ya magoti, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini sana.

"Nikimtoa yule kijana, nitakuwa nimemlipisha yeye. Mimi ndiye ninayedaiwa na Kasiani. Yule kijana hadaiwi kitu. Naye ana mama."

"Nimekuelewa," alisema Mama Hilda, akimwigiza, akaingia ndani.

Alilijaza jina la Kasiani. Barua akaipeleka mwenyewe karakana, hakumtuma tarishi. Watu waliokuwapo walisema Kasiani aliifungua, akaisoma, akauliza kitu kimoja tu: "Safari hii ni mimi kweli?" Karani akamjibu, "Ni wewe." Kasiani akafuta mikono yake kwa tambara, akaenda.

Mpaka leo sijui kama alifanya haki. Nimebishana na Mama Hilda, nimebishana na mume wangu, niliyeolewa naye baadaye, na kila ninapofikiri nimepata jibu naliona jibu lile lina mtu wa kuumia. Ninachojua ni kwamba baada ya siku ile Mama Hilda alimpikia, alimfulia, na hakukaa naye tena kwenye benchi. Shirika lenyewe lilifungwa muda si mrefu. Kijana wa Peramiho akaondoka. Karani akaondoka. Jembe likawa ndiyo kazi.

Kasiani alikwenda Tunduru. Wakati ule kila aliyeachishwa kazi alikuwa akizungumzia mawe ya Tunduru, vito vinavyochimbwa mabondeni, wageni wanaonunua kwa fedha taslimu. Wengi walikwenda. Wachache walirudi na baiskeli mpya. Wengine hawakurudi, na hakuna aliyejua ni kwa utajiri au kwa aibu.

Nami nikahamishiwa huko, kwa uhamisho wa kawaida wa walimu. Niliagana na wazee wangu wa Matogoro. Mama Hilda akalia, Afande Karani akaandika orodha ya vitu nilivyoondoka navyo, nikatia sahihi.

Nilikuwa Tunduru mwaka wa pili nilipoitwa kutoka darasani kwamba nina mgeni. Nilimkuta amesimama chini ya bendera ya shule, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amezeeka ghafla. Shingo ilikuwa imekonda hata kola ya shati ikamzunguka kama ya mtu mwingine.

"Shikamoo, baba! Kuna heri?"

"Marahaba, Mwalimu. Heri ipo kidogo. Nimekuja kumtafuta Kasiani."

Nilimpeleka nyumbani, nikamchemshia maji ya kuoga, akanieleza. Wachimbaji waliokuwa wakirudi walipita Mpitimbi wakasema Kasiani amefunikwa na shimo. Ndugu wakataka kuanza msiba. Mkewe, Editha, akakataa. Alitembea hadi Songea, akafika Matogoro kwa Karani, nyumba ambayo hakuwahi kukanyaga.

"Alisema, 'Huyu mtu amekwisha kufa mara moja kwa maneno ya watu. Silii. Nenda wewe ukamwone, uniambie.' Aliniambia mimi, Mwalimu. Hakumwambia kaka yake."

Ilikuwa wiki ya kufunga shule. Siku iliyofuata tulipanda lori la wachimbaji hadi kwenye bonde lao. Palikuwa na vibanda vya majani na nailoni, mashimo kila mahali, maji ya matope, vijana waliotutazama kwa wasiwasi wakidhani tumetoka serikalini. Karani alikwenda kibanda hadi kibanda akiuliza. Mwishowe tukapelekwa kwa mchimbaji mmoja mnene mwenye bendeji mkononi, aliyekuwa akichimba shimo moja na Kasiani.

"Ni kweli, mzee," alisema. "Ukingo uliporomoka baada ya mvua. Tulimtoa baadaye. Tumemzika pale juu, penye miyombo."

"Ulimwona uso?"

"Nilimwona."

"Uso ulikuwa na udongo. Ulimjuaje?"

"Nilimfuta mimi mwenyewe."

"Mkono wake wa kushoto ulikuwaje?"

"Kidole kimoja hakikunjiki. Alisema kilibanwa na injini ya ndege."

"Kipi?"

Yule mtu alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mzee, nimelala naye kibanda kimoja tangu mwaka jana. Nimemvua shati, nimemwosha. Unataka nimfukue?"

Karani alishusha macho kwenye ile bendeji. "Hapana," alisema. "Nisamehe, mwanangu." Akamshika mkono wenye bendeji kwa mikono yake yote miwili, na hakuuachia upesi.

Pale kaburini hakusali kwa sauti. Aliokota mawe, akayapanga kuzunguka udongo uliokuwa umeanza kutitia, na mimi nikamsaidia. Kisha akasimama wima, visigino pamoja, kama wanavyosimama wanajeshi. Alisimama hivyo mpaka lori likapiga honi.

Nilikataa arudi peke yake. Tulisafiri pamoja hadi Songea kwa basi lililokwama njiani, na muda wote nilimwona midomo ikicheza. Nilidhani anasali rozari. Baadaye nikagundua anajaribu maneno. Aliyasema kimya, akayaacha, akatafuta mengine. Miaka ile ya vita aliandika telegramu za vifo sijui ngapi, na hakuna hata siku moja aliyoangaliana na mtu akamwambia.

Mpitimbi tulifika mchana. Editha alikuwa akipalilia karibu na nyumba. Alituona tangu tukiwa tunashuka kwenye gari, akasimama, akaegemeza jembe kwenye mti wa mpapai, akaja kutupokea. Alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Editha..."

"Mmekula?"

Karani aligeuka akanitazama.

"Mmetoka mbali," Editha alisema. "Kuna ugali na maharage. Kaeni."

"Editha, nimefika kule. Nime..."

"Kula kwanza, baba." Hakupandisha sauti. Alikuwa anamtazama usoni, na nadhani alikuwa amekwisha kuyasoma yote tangu barabarani. "Nikianza kulia hapa, leo hakuna atakayewasha moto. Nawe ni mzee, umechoka."

Alileta maji akamnawisha mikono. Aliweka chakula kwenye meza ndogo uani, akakaa kwenye kigoda mbele yetu, mikono mapajani. Mimi nilirudisha tonge sahanini. Karani alikula. Alikula polepole, akatafuna kila tonge, machozi yakimshuka akiyaacha yashuke, na Editha alimsubiri kama mtu anavyomsubiri mgonjwa amalize dawa. Aliposogeza sahani, alimnawisha tena, akaondoa vyombo, akavipeleka jikoni, akarudi kukaa palepale.

"Haya," alisema. "Niambie sasa."

Akamwambia. Hakuzunguka. Alimwambia bonde, mvua, ukingo ulivyoporomoka, aliyemfuta uso na kumwosha, kidole kisichokunjika, na mahali kaburi lilipo. Editha alisikiliza mpaka neno la mwisho. Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea kitu mkononi. Kisha akasimama, akafungua kitenge chake, akakifunga upya kiunoni kwa nguvu, akatoka hadi katikati ya uwanja, akapiga yowe, na majirani wakaanza kuja mbio kutoka mashambani.